Kwa nini mkunga anarudi na kile kipembe?

Akina mama waliojifungulia zahanati wanakijua: kidude kama tarumbeta ndogo, cha mbao au plastiki. Mkunga anaweka upande mpana tumboni, sikio lake upande mwingine, ananyamaza. Na waliomsindikiza mama wanyamaze pia, jambo ambalo kwa bibi zetu si rahisi!

Kinaitwa kipembe cha Pinard, kwa jina la daktari Mfaransa aliyekitengeneza mwaka 1895. Hakitaki umeme wala betri. Wengine wanalalamika, "Mbona mjini kuna mashine?" Mashine ni nzuri, lakini kwa mama mzima asiye na tatizo, sikio la mkunga aliyezoea linatosha.

Moyo wa mtoto tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Wa mama huenda polepole zaidi, ndiyo maana mkunga anakushika na mkono, asije akahesabu moyo wako akadhani ni wa mtoto.

Uchungu ukikaza, damu inayomfikia mtoto hupungua kidogo. Mwenye nguvu anavumilia. Aliyechoka, moyo wake unashuka na kuchelewa kurudi hata baada ya uchungu kuachia. Hicho ndicho mkunga anachotafuta. Anasikiliza dakika nzima, kila baada ya dakika 15 hadi 30, na ukianza kusukuma, kila dakika 5. Basi mama, usimfukuze eti "niache nipumzike". Akisema lalia ubavu wa kushoto, geuka. Moyo usiporudi sawa, atamwita daktari au gari la kukupeleka kwenye upasuaji, na hapo kila dakika ina maana.

Shida yetu kubwa ni kukaa nyumbani mpaka usiku wa manane tukingoja uchungu ukolee. Nyumbani nani anasikiliza? Chupa ikipasuka, nenda, hata kama huumwi. Maji yakiwa ya kijani, kimbia: mtoto amejisaidia humo ndani na huenda amechoka.

Kabla ya uchungu, mlinzi ni wewe mwenyewe. Mimba ikifika miezi 7 unaujua mchezo wa mwanao. Akicheza kidogo kuliko alivyozoea, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Na wewe baba, ujue mapema tochi iko wapi, na jirani gani ataamka kukusaidia kumbeba.