Busasamana: Nani Amlinde Mtoto Asiye na Mlinzi?

Msafiri atokaye mji wa Gisenyi kuelekea kaskazini, akiliacha Ziwa Kivu nyuma yake, hukuta ardhi ikibadilika rangi. Udongo ni mweusi, kwani ulizaliwa na volkano, na juu yake hustawi viazi. Hapo ndipo ilipo Busasamana, tarafa ya Wilaya ya Rubavu iliyopakana na Kongo. Kwa askari, jina hilo ni la mpakani. Kwa watu wa dini, ni la parokia na vijiji vyake.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni wa kanisa afikapo vijijini hupokewi na padri peke yake, bali na jumuiya ndogo ambayo Wanyarwanda huiita umuryangoremezo. Hizo ni familia za majirani wanaosali pamoja. Jumuiya hiyo hujua nani ni mgonjwa, nani amelala na njaa, na mtoto yupi amefiwa na wazazi.

Lakini zipo nyakati ambapo jirani naye hana uwezo wa kumpokea yatima. Ndiyo sababu nyumba za watoto zilianzishwa katika eneo hilo. Huko Nyundo, jimbo la Askofu Aloys Bigirumwami, nyumba ya Noel ilifunguliwa mwaka 1954, ikaja kulea watoto zaidi ya 500 kwa wakati mmoja. Mwezi Desemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari, Mmarekani Rosamond Carr, akiwa na umri wa miaka 82, alifungua nyumba ya Imbabazi katika shamba lake la Mugongo.

Ndugu askari, kuta za nyumba hizo hazikutosha kuwa ngao. Mwaka 1997 vita vya waasi viliwalazimu watoto wa Imbabazi kuhamia mjini Gisenyi, nao hawakurejea Mugongo hadi mwaka 2005. Januari 1998, huko huko Busasamana, masista waliuawa katika nyumba yao ya kitawa. Watu waliokuwa wakiwahudumia wengine walikosa wa kuwahudumia wao.

Mfano ulio mzito kuliko yote ni wa Félicité Niyitegeka. Mwaka 1994 alikuwa akisimamia nyumba ya kanisa mjini Gisenyi, iitwayo Centre Saint Pierre, akawaficha humo Watutsi na kuwasaidia wengine kuvuka kwenda Kongo. Yeye mwenyewe alikuwa Mhutu. Ndugu yake, ofisa wa jeshi, alimtaka aondoke ili ajiokoe. Alijibu kwa barua kwamba ni heri afe pamoja na watu 43 aliokabidhiwa kuliko kuwaacha. Tarehe 21 Aprili 1994 aliuawa pamoja na wengi wao. Leo yumo katika orodha ya mashujaa wa Rwanda wa daraja la Imena.

Tutafakari jambo hilo. Mwenye cheo na silaha aliweza kumwokoa dada yake tu. Asiye na silaha alikataa kuokolewa peke yake. Amri ya kulinda haikutoka kwa mkubwa yeyote: ilitoka katika dhamiri.

Tangu mwaka 2012 Serikali ya Rwanda imeshika njia ya kuzifunga nyumba za yatima na kuwarudisha watoto katika familia, na Noel nayo ikafungwa. Hivyo mzigo umerudi kwa jirani, na jumuiya ndogo ya kijijini ina kazi kubwa zaidi. Vilevile kazi ya polisi imezidi, kwa kuwa mtoto aliyetawanyika katika nyumba elfu moja haonekani upesi kama aliye katika bweni moja.

Mei 2021, Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya Wakongo walikimbilia Rubavu, wengine wakilazwa katika shule na nyumba za ibada. Wengi waliingia gizani, wamebeba watoto mgongoni, na watu wa kwanza waliowakuta mpakani walikuwa askari.

Mtoto asikiaye mshindo wa buti usiku hajui kama ni wa adui au wa mlinzi. Jibu amelishika yule aliyezivaa.