Chawia: Kisiwa Kisichozungukwa na Maji

Likitajwa neno kisiwa, mawazo ya mtu huenda mara moja baharini au ziwani: Pemba, Lamu, Ukerewe. Lakini juu ya mji wa Mwatate, katika nchi ya Wataita, kipo kisiwa ambacho hakijapata kuguswa na wimbi wala mashua. Kisiwa hicho ni msitu wa Chawia. Ndani yake hamna nyumba wala shamba. Wenyeji wake ni miti, ndege, vinyonga na wadudu. Bahari inayouzunguka ni ardhi iliyolimwa, na chini yake zaidi ni nyika kavu ya Tsavo.

Mwatate yenyewe iko chini, penye mashamba ya mkonge na njia ya reli ya Voi hadi Taveta, iliyoanza kujengwa mwaka 1915 wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Huko jua ni kali na mvua haba. Lakini msafiri apandaye mlimani huona hewa ikibadilika kabla miguu haijachoka sana. Chawia iko yapata futi 5,000 juu ya usawa wa bahari. Upepo wa kusi hutoka Bahari ya Hindi ukichukua unyevu, huvuka nyika tambarare, kisha hukutana na ukuta wa milima ya Taita. Hapo hewa hupanda na kupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu na mvua. Majani hukamata ukungu huo, nayo matone hudondoka chini hata siku isiyo na mvua. Udongo wa msituni, uliolainika kwa majani yaliyooza, huyanywa maji polepole na kuyaachilia polepole. Mito ya Voi, Mwatate na Bura yote huanzia katika milima hii.

Chawia ina ndugu zake. Eneo lake ni ekari 200 hivi. Ngangao ina ekari 300 hivi, na Mbololo, ulio mkubwa kuliko hiyo miwili, hauzidi ekari 600. Viko pia vipande vidogo zaidi, hata kwenye kilele cha Vuria chenye futi 7,200 na zaidi, na mbali kidogo milima ya Sagalla na Kasigau. Milima hii ni ncha ya kaskazini ya safu ya kale sana ipitayo Tanzania, yaani Upare, Usambara, Uluguru hadi Udzungwa.

Kwa kuwa misitu hii imetengwa kwa muda mrefu mno, ina viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Mbololo huota ua dogo la zambarau, ndugu wa yale maua ya Usambara ambayo Wazungu huyapanda katika vyungu nyumbani mwao. Yuko ndege mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya machungwa na mbavu nyekundu, ambaye wataalamu walimwandika mwaka 1913 kwa jina la Edmund Heller wa Marekani. Ndege huyu hutafuta wadudu na matunda chini ya miti yenye kivuli, na huishi Mbololo, Ngangao na Chawia.

Yuko na mnyama mwingine ambaye wakulima humfukua kwa jembe wakidhani ni mnyoo. Huyu ni wa jamii ya vyura, ingawa hana miguu. Mwaka 2006 wataalamu walieleza kwamba mama yake huotesha ngozi nene yenye mafuta, na watoto huila ngozi hiyo kama watoto wengine wanyonyavyo maziwa.

Hatari ya kisiwa ni udogo wake. Samaki hawezi kutembea nchi kavu, na ndege wa kivulini vivyo hivyo huogopa kuvuka mashamba yenye jua. Tangu miaka ya 1990 wataalamu wamewafunga ndege pete miguuni, wakaona ni wachache mno wanaohama kutoka msitu mmoja hadi mwingine. Kundi dogo lililofungiwa mahali pamoja likipatwa na ukame au moto, hakuna wa kulijaza tena. Nao msitu ukikatwa pembeni kwa kuni na mbao, jua na upepo huingia hadi ndani, na kisiwa huzidi kupungua.

Wazee wa Kitaita walikuwa na misitu mitakatifu iliyoitwa fighi, ambayo mtu hakuthubutu kuikata ovyo. Desturi hiyo ilihifadhi miti kwa miaka mingi. Siku za baadaye ilipandwa mikaratusi na misonobari katika sehemu kadhaa, nayo hutoa mbao, lakini haina matunda ya kulisha ndege wa msituni.

Mkulima mwenye shamba kati ya Chawia na msitu mwingine anaweza kufanya jambo kubwa kwa gharama ndogo. Akiacha miti ya asili, kama mikindu, isimame kando ya kijito na kwenye mipaka ya shamba, amejenga daraja la kivuli. Ndege watapita juu yake wakiangusha mbegu, na kijito chake mwenyewe kitabaki na kivuli wakati wa kiangazi.