Kutoka Tarumbeta Hadi Honi Dabo

Ukipita sharika za Kilutheri kuanzia Nkoaranga hadi Arusha mjini, matarumbeta si kitu kigeni. Mizizi yake iko Ujerumani, walikotoka wamisionari wa Leipzig walioanza kazi Meru mwaka 1902. Ndiyo maana mtu anaweza kuingia darasa la muziki pale Makumira akiwa tayari anazijua valvu 3. Ishu inaanza akikabidhiwa honi ya Kifaransa, tena dabo.

Kwanza, mkono. Tarumbeta unabonyeza kwa mkono wa kulia. Honi unabonyeza kwa kushoto, wa kulia unaingia ndani ya mdomo mpana wa honi. Kazi ya valvu haibadiliki: ya 2 inashusha sauti nusu toni, ya 1 toni nzima, ya 3 toni moja na nusu.

Pili, bomba. Honi dabo ni honi mbili kwenye mwili mmoja: upande wa F, karibu mita 3.7, na upande wa B-flati, karibu mita 2.7. Kitufe cha dole gumba ndicho kinachohamisha pumzi.

Kwa nini pande mbili? Bomba refu lina sauti nyingi zinazotoka bila valvu, na kadiri unavyopanda zinabanana. Mdomo ukiteleza kidogo tu, umeangukia sauti ya jirani. Bomba fupi linaziachanisha. Kwenye mazishi hakuna kurudia wimbo, kwa hiyo hili si jambo dogo.

Sasa angalia ngazi ya do. Kwenye tarumbeta, re ni 1-3 na mi ni 1-2. Kwenye honi upande wa F, re ni 1 na mi ni wazi, kwa sababu bomba refu tayari lina mi yake. Hapo ndipo vidole vya tarumbeta vinakusaliti. Fa ni 1 na so ni wazi, kama ulivyozoea.

Kuanzia la, wengi hubonyeza dole gumba. La ni 1-2, ti ni 2, do ya juu ni wazi. Upande wa F nao vidole ni hivyohivyo! Kwa hiyo usianze kwa kukariri chati nzima. Piga la-ti-do bila dole gumba, kisha nalo, polepole, usikilize tofauti. Sikio likishaizoea, ndipo ushuke kwenye re na mi.