Kutoka Kuuza Bidhaa Hadi Kuhudumia Mwili wa Mtu

(Muziki wa kufungua kipindi, kisha unashuka)

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo nazungumza na wewe ambaye umekuwa ukizunguka sokoni kutangaza sabuni, unga au laini za simu, na sasa unafikiria kufungua biashara ya kutunza afya: kukanda mwili, kuongoza mazoezi, kupima presha au kushauri watu kuhusu chakula bora.

Mtu wa mauzo ana mtaji ambao wengi hawana. Anajua kusalimia, kusikiliza, kuweka hesabu na kumkumbuka mteja kwa jina. Soko nalo lipo. Utafiti wa shirika la IFC uliotolewa mwaka 2018 ulikuta zaidi ya biashara 2,000 kambini Kakuma. Lakini mpenzi msikilizaji, sabuni mbaya hurudishwa dukani. Mwili wa mtu haurudishwi.

Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyeletwa na wanawe, mdomo umepinda na mkono umelegea. Presha ilikuwa imepanda sana. Alikuwa ameacha vidonge vyake kwa sababu aliyemuuzia unga wa majani alimwambia kuwa presha imekwisha. Muuzaji yule hakuwa mtu mbaya. Alizoea lugha ya sokoni, ya kusifu mzigo mpaka uishe. Mama alipona, lakini mpaka leo hawezi kubeba mtungi wa maji.

Basi tuzingatie mambo matano.

Kwanza, jua mpaka wa kazi yako. Kuongoza mazoezi, kukanda misuli iliyochoka na kufundisha usafi unaweza, ukijifunza vizuri. Kudunga sindano, kutoa dawa na kumwambia mtu ana ugonjwa fulani ni kazi ya mtu aliyesomea na kusajiliwa. Hata muuguzi mwenye diploma kama mimi hawezi kufungua kliniki yake bila leseni ya Baraza la Wauguzi. Duka la dawa nalo lahitaji leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu.

Pili, tafuta kibali cha biashara cha kaunti kabla ya kufungua mlango, na umwite afisa wa afya ya umma aone chumba, choo na maji ya kunawa. Usisubiri akukute.

Tatu, ukipima presha, pima sawasawa. Mteja aliyetembea juani Lodwar asipimwe akiwa bado anahema. Akae kivulini dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Nusu saa kabla asiwe amekunywa chai ya majani wala kuvuta tumbaku. Pima mara mbili, uandike. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, mpeleke kituo cha afya. Ikifika 180 kwa 120, na ana maumivu ya kifua, anapumua kwa shida au mkono umelegea, hiyo ni dharura. Usimwambie apumzike kwanza.

Nne, katika kukanda, kuna mahali pa kukataa pesa. Mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma, usiuguse. Huenda damu imeganda ndani, na ukikanda inaweza kung'oka iende mapafuni. Usikande tumbo la mama mjamzito, wala mahali palipovunjika. Nawa mikono kabla na baada ya kila mteja, na shuka iliyotumika isitumike kwa mwingine kabla ya kufuliwa.

Tano, chunga ulimi. Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, inakataza kutangaza chakula au dawa kwa udanganyifu. Usiseme "ninaponya." Sema "ninasaidia mwili kupumzika." Na neno hili usiliseme kamwe: "acha dawa za hospitali."

Jirani yako wa kwanza awe mhudumu wa afya ya jamii. Tangu mwaka 2023 serikali imewapa wahudumu hao vifaa, pamoja na mashine ya presha. Jua jina lake na simu yake. Mteja utakayempeleka hospitali leo ukakosa shilingi zake, kesho atarudi na jirani zake watatu. Hiyo nayo ni mauzo.

Hadi kipindi kijacho, kunyweni maji ya kutosha. Kwaherini.

(Muziki wa kufunga)

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Je, katika kijiji chetu kuna anayeuza kitu akisema kinaponya kila ugonjwa? Tumwambie nini?
2. Kituo cha afya kilicho karibu kiko wapi, na mgonjwa wa dharura atafikaje usiku?