Imbwa ya lupango naye tumuangalie

Mu mine tunasikiliza mwamba mbele ya kuingia. Ku nyumba, ndugu wachimbaji, tuangalie imbwa vilevile. Tukitoka kazi ya usiku, imbwa mzima anatupokea kwa kutikisa mkia, anakula bukari yake, analala amejinyoosha. Mwenye shida anaacha kula, anajificha, anafyata mkia, ao ananguruma tukimgusa: pengine anaumwa tu.

Lakini akigeuka ghafula, anatoka mate mengi, anauma ovyo, tuogope kichaa cha imbwa. Akiuma mtoto, tuoshe kidonda na maji na sabuni dakika 15, halafu hopitali siku ileile kwa chanjo. Kichaa kikisha kujionyesha, karibu hakuna anayepona. Tusingoje siku ya mshahara.