Vilivyomo katika Masanduku ya Wazee

Msafiri ashukaye melini bandarini Kalundu, kusini kidogo ya mji wa Uvira, huiona milima imesimama mbele yake kama ukuta. Sisi twakaa huko juu, katika kijiji cha wakulima wa mihogo na maharagwe. Rafiki zetu wa mjini hutuuliza, "Ninyi mwafanya nini huko, jua likiisha kuchwa?" Tukiwaambia ya kuwa twakusanya vikwembe vilivyochujuka, vigoda, pasi za mkaa na vyungu vyenye ufa, hucheka, wakadhani tumekosa la kufanya. Wengine hutuuliza kama vitu hivyo vina bei huko Ulaya. Basi, wasomaji wapendwa, leo twataka kuwajibu wote wawili, wachekao na waulizao bei.

Tarehe 26 Aprili 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitafuta habari za mto Ruzizi, kama watoka ziwani ama waingia ziwani. Wakaambiwa ya kuwa waingia, jambo ambalo mtoto yeyote wa mvuvi wa hapa angaliweza kuwaambia bila taabu. Burton aliandika ya kuwa Uvira ilikuwa soko kubwa la upande wa kaskazini, akataja bidhaa zake: watumwa, pembe za ndovu, nafaka, nguo za magome ya miti, na vyombo vya chuma. Neno la kwanza latusikitisha hata leo. Lakini tutazame mawili ya mwisho. Nguo za magome na vyombo vya chuma havikutoka ng'ambo ya bahari. Vilikuwa kazi ya mikono ya watu wa nchi hizi, tena kazi nzuri, hata wageni wakaja na mitumbwi yao kuvinunua. Siku moja tuliwauliza wanafunzi wetu darasani, nani amepata kugusa nguo ya gome? Hakuna hata mmoja aliyeinua mkono.

Nguo hiyo hutoka katika miti ya jamii ya mtini. Fundi hulichuna gome la shina kwa kipande kimoja wakati wa mvua, kisha hulifunga shina kwa majani ya migomba, ili mti upone na kuotesha gome jingine. Lile gome hulainishwa kwa moto au kwa maji ya moto, halafu hupigwa kwa nyundo za mti zilizochongwa mifereji, kwanza mifereji mipana, baadaye myembamba, mpaka gome dogo limekuwa shuka pana. Mwisho huanikwa, na jua huligeuza kuwa jekundu kama udongo wa kufinyangia. Katika Buganda kazi hii haikufa. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kuwa urithi wa wanadamu wote, na mwaka 2008 ikaiandika katika orodha yake. Kwetu kando ya ziwa, merikani nyeupe na kaniki nyeusi zilizoletwa na misafara ya pwani zilianza kuisukuma kando, na nguo za viwanda zikamaliza.

Kipande cha kwanza tulichopata tulipewa na mzee mmoja wa kijiji jirani. Kilikuwa cheusi kwa masizi, kwa kuwa kilikaa miaka mingi darini juu ya jiko. Sisi, kwa kiburi cha mtu aliyesoma, tukakitia katika karai lenye maji na sabuni. Tulipotaka kukitoa, kilikuja mikononi vipande vipande, kama mkate uliolowa chai. Siku ya pili yule mzee alipita kutuamkia, akauliza hali ya nguo yake. Hatukuwa na neno. Alilitazama karai kwa muda, akasema, "Mwalimu, moshi ule ndio uliokuwa ukiilinda, wadudu wasiile." Tangu siku hiyo hatusafishi kitu kabla ya kumwuliza aliyekitumia.

Vikwembe ni habari nyingine, tena ni rahisi kuanza navyo, kwa sababu katika kila nyumba yenye mama mzee hukosi sanduku la bati chini ya kitanda. Mtu akifunguliwa sanduku hilo, ajue ametunukiwa heshima kubwa. Asiingize mkono mwenyewe. Angoje mama atoe kimoja kimoja, naye aulize: hiki kilinunuliwa na nani, kilivaliwa siku gani? Ndipo aitazame nguo yenyewe. Kwanza aigeuze. Waksi ya kweli ina rangi sawasawa pande zote mbili, na machoni pa mtu mwangalifu huonekana mishipa myembamba, mahali nta ilipopasuka na rangi ikapenya. Nguo iliyochapwa upande mmoja tu, mgongo wake ni hafifu. Kisha asome ukingo. Nyumba ya Vlisco ya mji wa Helmond katika Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846 na kujifunza kuiga batiki za Java, huchapa jina lake pale ukingoni. Mara nyingi mama amekwisha kuukata ukingo huo ili afungie mtoto mgongoni, na ushahidi umekwenda zake. Hatumlaumu, mtoto alikuwa na haki zaidi.

Maandishi na sura zilizochapwa nazo ni kalenda. Nguo iliyoandikwa Zaïre haikutengenezwa kabla ya mwaka 1971, na baada ya mwaka 1997 jina hilo halikutumika tena. Ikiwa na sura ya Papa Yohane Paulo wa Pili pamoja na jina hilo, yaelekea ni ya moja ya safari zake mbili, ya 1980 au ya 1985. Na nguo za sherehe za juzi zisidharauliwe. Tarehe 18 Agosti 2024 mapadre Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na Bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964, walitangazwa wenye heri papa hapa Uvira. Mama aliyeshona nguo kwa ajili ya siku ile asiifanye tambara la kudekia. Wajukuu wake wataitafuta.

Wazee husimulia pia nguo za Filtisaf, kiwanda cha Albertville, yaani Kalemie ya leo, kilichojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Nguo zilipanda na meli mpaka Kalundu. Lakini tusidhani ya kuwa kila mzee huzikumbuka kwa furaha. Kilimo cha lazima cha pamba kilianza nchini mwaka 1917, nalo bonde la Ruzizi liliijua pamba hiyo. Mzee mmoja tulimpelekea kitambaa cha zamani tukitazamia atafurahi. Alikataa hata kukishika. Akatuonyesha vidole vyake, akasema, "Hivi ndivyo vilivyoichuma." Hayo nayo tuliyaandika, kwa maana mkusanyaji atakaye sifa tu za zamani atakuwa na mkusanyo wa uongo.

Vyombo vya nyumbani tutavitaja upesi. Pasi ya mkaa yenye jogoo juu ya kifuniko hupatikana bado, na kutu yake husuguliwa kwa mafuta na jivu, si kwa patasi. Cherehani ya Singer ina nambari iliyogongwa mwilini mwake, na kwa nambari hiyo mwaka wa kutengenezwa hujulikana. Vikapu na vyungu havina nambari. Hapo ni lazima kumtafuta mwenye kuvijua.

Kuvitunza kijijini si kazi ya gharama. Adui wetu ni mchwa, nondo, jua na unyevu wa ziwa. Sanduku likae juu ya mawe manne, mbali na ukuta. Nguo ya kale isikunjwe pembe nne, maana itakatika katika mikunjo. Izungushwe juu ya kijiti kilichovikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa. Majani makavu ya mwarobaini au ya tumbaku hufukuza wadudu, ila yafungwe katika kifuko yasiiguse nguo. Mfuko wa plastiki haufai, kwa sababu nguo hutoka jasho ndani yake. Kila mwezi wa kiangazi tunazitoa zipate hewa kivulini. Kwa kila kitu tunaandika karatasi ndogo kwa kalamu ya risasi, kwa kuwa wino huvuja: jina la kitu, jina la mwenyewe, mahali, na siku tuliyokipokea. Karatasi hiyo ikipotea, kilichobaki ni kitambaa tu. Katika nyumba kubwa ya Tervuren, karibu na Brussels, vimo vitu vya nchi yetu visivyo na idadi, na vingi havina jina la fundi wala la mama aliyevitumia.

Sasa twarudi kwa waulizao bei. Ndiyo, bei ipo, na wanunuzi hupita. Waangalie lakini, maana tangu tarehe 15 Machi 1971 nchi yetu ina sheria ya kulinda vitu vya urithi. Tena wanunuzi hao wana desturi ya kuja pale watu walipo na shida, na shida hapa haikukosekana. Mwezi wa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Mwaka 2024 ziwa lilipanda hata likaingia bandarini Kalundu. Vita navyo vilikimbiza watu mwaka 1964, tena 1996, na tena Desemba 2025. Mtu akimbiapo hubeba mtoto na sufuria. Sanduku hubaki.

Wala sisi wenyewe hatukuwa safi. Wiki chache baada ya mafuriko yale ya mwaka 2020, kijana mmoja alipanda kwetu na kikwembe kilichofungwa katika gazeti. Kilikuwa kizima, rangi ya buluu na manjano, ukingo haujakatwa. Alitaja bei ndogo, nasi tukaishusha zaidi, akapokea. Usiku ule tulikitazama kwa taa, tumejaa furaha.

Siku ya tatu mama mzee alifika mlangoni na fimbo yake, amepanda mlima tangu asubuhi.

"Hodi, Mwalimu."

"Karibu, nyanya. Karibu uketi."

Hakuketi. Akasema, "Mjukuu wangu amekuletea kitu changu. Simgombezi, watoto hawakuwa na unga. Lakini nguo ile alininunulia marehemu mume wangu bandarini, siku meli ilipotoka Albertville, mwaka tuliofunga ndoa. Nimeiweka nifunikwe nayo nitakapokufa. Fedha yako sina."

Tuliingia ndani, tukakitoa. Ndipo akaketi. Alikataa kuondoka bila kutulipa, na kwa kuwa hakuwa na fedha alitulipa kwa habari: jinsi mumewe alivyopakua mizigo miezi mitatu ili apate bei ya nguo ile, jinsi mama mkwe alivyoionea wivu, jinsi alivyoificha chini ya kinu mwaka 1964. Jua lilikuwa limekwisha kupinda alipomaliza. Tulijaza kurasa tano za daftari, kisha tukamsindikiza mpaka mto wa chini, tumembebea kikwembe.

Mwaka 2023 tuliitwa mazishini. Tulikitambua kabla ya kufika karibu, kwa ile rangi ya buluu. Ukingo ulikuwa bado mzima.