Zinki ndani ya mbegu ya mpunga

Mkulima wa Kamsamba anayejiwekea mbegu ya mpunga huichagua kwa macho: punje nene, zilizokomaa, zisizo na mapepe. Anafanya vizuri. Lakini punje mbili za aina ya SARO 5 zenye uzito uleule zinaweza kupishana sana kwa zinki iliyomo kwenye kiini, na hilo liliamuliwa msimu uliopita, mmea mama ulipokuwa jarubani.

Mpunga wa bondeni, kama huu wa Kamsamba unaolimwa kando ya mto Momba kuelekea Ziwa Rukwa, una tatizo lake. Udongo ukifunikwa na maji muda mrefu, zinki hujifunga katika hali ambayo mizizi haiwezi kuifyonza, hata kama imo. Mwaka 1966 mtafiti Y. L. Nene alionyesha huko Pantnagar, India, kwamba ugonjwa wa mpunga uliowasumbua wakulima kumbe ulikuwa upungufu wa zinki. Dalili zake hujitokeza wiki mbili hadi nne baada ya kupandikiza: majani yana madoa ya kahawia kama kutu, na miche imedumaa kwa mabaka-mabaka. Wengi wakiona hivyo huongeza mbolea ya fosforasi, DAP. Ni kuharibu zaidi, maana fosforasi ikizidi huizuia zinki kuingia kwenye mmea.

Mbegu inapoota, zinki yake hukimbilia kwenye kijimzizi na chipukizi, sehemu ambazo seli zinagawanyika kwa kasi. Mizizi bado haijaanza kujitafutia, kwa hiyo mche unaishi kwa akiba ya mama yake. Majaribio ya ngano huko Uturuki, kwenye udongo maskini wa zinki, yalionyesha kuwa mbegu zenye akiba kubwa huzaa mimea yenye nguvu na mavuno bora.

  

Kwa mpunga, ningeanza na kipande kidogo cha jaruba kilichotengwa kwa ajili ya mbegu tu. Pima udongo kwanza. TARI Uyole, Mbeya, ni mahali pa kuulizia. Zinki ikiwa pungufu, salfeti ya zinki kilo 10 hivi kwa ekari huwekwa kabla ya kupandikiza. Ya udongoni husaidia mavuno. Ya kujaza punje hupuliziwa majanini: gramu 100 katika lita 20 za maji, jioni, mara tu maua yanapokwisha na punje zinapoanza kuwa na maziwa. Usiichanganye na mbolea ya fosforasi kwenye bomba moja, itaganda. Na mbegu iliyoanikwa vibaya ikahifadhiwa na unyevu unaopita asilimia 13 haitaokolewa na zinki yoyote.

Kuna mtego kwenye kupima uotaji wa mbegu. Ukihesabu punje 100 kwenye kitambaa kibichi, mbegu yenye zinki na isiyo nayo huenda zikaota karibu sawa, kwa sababu kitambaa hakimpi mche shida yoyote. Zioteshe zote mbili kwenye udongo wa jarubani, kila moja kwenye beseni lake, kisha linganisha urefu wa miche na wingi wa mizizi siku ya 14.